Saluti haipigwi kwa mtu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza hivi karibuni kwamba majeshi yaachane na saluti pamoja na alama za vyeo, kwa hoja kuwa mambo hayo ni masalia ya enzi za mabwana na watwana, na kwamba haipendezi mtu mzima kumnyanyulia mkono mtu mzima mwenzake kila wanapopishana. Nimefundisha kwata kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na hoja hiyo si ngeni masikioni mwangu, kwani kuruta wengi huja nayo kambini wiki ya kwanza. Tatizo lake ni kwamba inadhani saluti anapigiwa mtu.

Saluti inapigwa kwa kamisheni, yaani yale mamlaka ambayo mkuu wa nchi amemkabidhi ofisa ili aamuru kwa niaba yake. Ndiyo maana sajini aliyekaa jeshini miaka mingi na kuona mapigano kwa macho yake anampigia saluti luteni usu, ofisa wa cheo cha chini kabisa, aliyetoka chuoni juzi na ambaye, tuseme ukweli, bado hajui lolote la maana. Mara nyingi sajini huyo ndiye aliyemfundisha kijana kusimama wima, kushika bunduki na kufunga mkanda, na kumkaripia kila alipokosea. Siku kijana anapotunukiwa kamisheni, mwalimu anasimama mguu sawa mbele yake na kupiga saluti bila kinyongo. Katika jeshi la Marekani kuna desturi ya ofisa mpya kumpa sarafu ya dola moja ya fedha askari wa kwanza kumpigia saluti, na wengi humchagua mmoja wa waliowafundisha. Anayeona udhalili katika tendo hilo sijui anautazamia wapi.

Wasiovaa sare husahau pia kwamba saluti ina pande mbili. Mdogo huanza, mkubwa hulazimika kujibu, na ofisa anayepita kama hakuona kitu amevunja utaratibu sawasawa na askari aliyekaa mikono mifukoni. Zipo nyakati ambapo hata mpangilio wa vyeo hupinduka: Marekani, kwa desturi, jenerali humwanza kwa saluti askari wa kawaida aliyetunukiwa Medali ya Heshima, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa. Kwa upande mwingine, katika majeshi yanayofuata mfumo wa Uingereza, ofisa mteule, yaani askari wa ngazi ya juu aliyepanda kutoka vyeo vya chini, hapigiwi saluti kwa kuwa hana kamisheni, ingawa pengine kikosi kizima kinamwogopa kuliko luteni wote wakijumlishwa. Kama saluti ingekuwa kipimo cha kuogopwa, yeye angekuwa wa kwanza kupigiwa.

Kuhusu asili yake, wengi hupenda kisa cha mashujaa wa Ulaya waliovaa chuma, ambao inasemekana walifunua nyuso zao kwa mkono wa kulia ili watambuane. Ni kisa kizuri, lakini hakina ushahidi wa kutosha. Chenye ushahidi ni kofia. Wanaume wa Ulaya walikuwa wakivua kofia mbele ya wakubwa, na askari nao wakafanya hivyo hivyo, mpaka kofia za kijeshi zilipokuwa kubwa na za kusumbua kuvua na kuvaa. Mwaka 1745 kikosi cha Coldstream Guards cha Uingereza kiliwaamuru askari wake wasivue tena kofia wanapompita ofisa, bali wapeleke tu mkono kwenye kofia na kuinama kidogo. Ndiyo sababu hadi leo, katika mfumo huo, askari asiye na kofia hapigi saluti ya mkono. Husimama mguu sawa, na hiyo inatosha. Wapoland, ambao hunyoosha vidole viwili tu, nao hutaka kofia iwe kichwani kwanza.

Namna ya kupiga inatofautiana. Jeshi la nchi kavu la Uingereza na lile la Ufaransa huonyesha kiganja mbele, wakati Wamarekani na wanamaji wa Uingereza hukielekeza chini. Kwa mfumo wa Uingereza nilikuwa nikiwaambia vijana kwamba mkono unapanda kwa njia ndefu na kushuka kwa njia fupi: unatoka ubavuni, unazunguka kwa upande ukiwa umenyooka, ncha za vidole zinafika karibu na jicho la kulia, kifundo hakipindi, kisha mkono unakatwa chini moja kwa moja mbele ya mwili. Kuruta anayepinda kifundo huonekana kama anajikinga na jua, na hakuna kinachomuudhi mwalimu wa kwata kuliko hicho.

Sasa nije kwenye pendekezo lenyewe la kufuta vyeo, kwa sababu limeshajaribiwa, tena na majeshi makubwa. Desemba 1917 serikali mpya ya Urusi ilifuta vyeo na alama zake zote, na yale mapambo ya mabegani yaliyoonyesha cheo yakawa nembo ya adui. Mwaka 1935 vyeo vya mtu binafsi vilirudishwa, kikiwamo cha marshali, kilicho juu ya vyote, na Januari 1943, vita vya Stalingrad vikiwa bado vinaendelea, alama za mabegani zilizochukiwa zikarudi rasmi. China ilifuta vyeo mwaka 1965. Askari wake wakabaki kutambuana kwa mifuko ya koti, ofisa akiwa na minne na askari wa kawaida miwili, jambo linalokueleza kwamba huyu ni ofisa lakini halikuelezi kama anaongoza watu thelathini au elfu tatu. Mwaka 1988 vyeo vilirejea. Nchi hizo hazikulazimishwa na mtu, wala hazikuwa na mapenzi na mambo ya kibwana. Kamanda anapouawa katikati ya mapigano, na vikosi viwili visivyojuana vikajikuta kwenye handaki moja, lazima ijulikane kwa kutupa jicho ni nani anayetoa amri. Hakuna muda wa kuitisha kikao.

Hata hivyo, msomaji mwenzangu ana haki katika jambo moja: saluti si ibada. Majeshi yenyewe huiacha inapohatarisha maisha. Mstari wa mbele, askari hukatazwa kupiga saluti kwa sababu mlenga shabaha wa upande wa pili anatazama ni nani anayepigiwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Uingereza walivaa alama zao kwenye vifundo vya mikono, mahali palipoonekana kwa mbali, hivyo baadhi yao wakazihamishia mabegani ili wafanane na askari wao. Mwaka 1920 alama za vifundoni zikafutwa kabisa. Leo alama za sare za mapigano hushonwa kwa nyuzi za rangi iliyofifia kwa sababu hiyo hiyo.

Tena saluti haikomi mtu anapotekwa. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, katika ibara ya 39, unawataka mateka wa vita wasio maofisa kuwapigia saluti maofisa wote wa jeshi lililowashika, na ofisa mateka kuwapigia wale tu wanaomzidi cheo, isipokuwa kamanda wa kambi, ambaye hupigiwa hata akiwa na cheo kidogo. Ibara inayofuata inawaruhusu mateka kuendelea kuvaa alama za vyeo vyao. Waliouandika walikuwa wametoka kwenye vita vilivyojaa udhalilishaji wa mateka, na bado waliona kwamba kumwachia mtu cheo chake begani ni sehemu ya kumlinda.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa chumba chenu cha habari, maana maelezo ya picha za wanajeshi hukosewa mara kwa mara. Nyota haziwi na maana moja kila mahali. Katika mfumo wa Uingereza nyota tatu peke yake ni kapteni, na zikiwekwa chini ya taji, au chini ya nembo ya taifa katika nchi zisizo na mfalme, ni brigedia. Lakini Marekani nyota tatu ni luteni jenerali, na kapteni wao wa nchi kavu huvaa vipande viwili vya fedha visivyo na nyota yoyote. Huko huko Marekani meja huvaa jani la dhahabu na luteni kanali, anayemzidi, jani la fedha, kwa hiyo hata thamani ya madini haisaidii kubahatisha. Mpiga picha na amuulize mhusika cheo chake kabla ya kuondoka. Sijawahi kumwona mwanajeshi aliyekasirika kwa kuulizwa hivyo, ila nimewaona wengi waliokasirika kwa kushushwa cheo na gazeti.

Mwalimu wa kwata mstaafu