Maji Ndani ya Mlango wa Gari: Kuingia Si Tatizo, Tatizo ni Kutotoka

Mvua za Machi hadi Mei zikishaanza Kampala, magari yanayoletwa gereji kwetu hapa Ndeeba huja na malalamiko yale yale: kapeti limelowa, kioo kinapanda kwa kusuasua, ukikanyaga breki unasikia maji yakichezacheza ndani ya mlango. Wateja wengi hutuomba tuzibe kabisa yasiingie. Hilo hatulifanyi, na ni haki yako kujua sababu.

Aliyetengeneza mlango alijua maji yataingia. Ule mpira mweusi unaogusana na kioo kwa nje hupunguza tu, kwa kuwa kioo lazima kipande na kushuka. Maji yanayopenya huteremka mpaka chini ya mlango, kisha hutokea kwenye matundu madogo ya ukingo wa chini. Fungua mlango, uiname, upapase pale chini. Mengine ni mipasuo myembamba tu.

Barabara zetu ndizo zinazoyaonea hayo matundu. Vumbi jekundu la kiangazi hujikusanya mlangoni, mvua ya kwanza hulifanya tope, na tope likikauka huganda kabisa. Gari lililogongwa likanyooshwa nalo mara nyingi hurudi barabarani matundu yamefunikwa na puti na rangi. Kibaya zaidi ni silikoni iliyowekwa makusudi kuzuia vumbi: hapo mlango umefanywa ndoo. Kutu huanzia kwenye kunjo la bati, kwa ndani, mahali usipoweza kuiona. Ukiona rangi inavimba kwa nje, bati limeshaliwa.

Kapeti kulowa mara nyingi kuna sababu nyingine. Nyuma ya paneli ya mlango kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Kazi yake ni kuyarudisha maji ndani ya mlango yasije miguuni pako. Anayefunga spika au kubadilisha mota ya kioo huichana, akarudisha paneli juu yake, na kwa macho mlango unaonekana mzima. Tafadhali, fundi yeyote akifungua mlango wako, mwambie airudishe nailoni kama alivyoikuta.

Kujaribu ni rahisi. Funga vioo, mimina jagi la maji taratibu pale kioo kinapokutana na mpira. Baada ya muda mfupi yaanze kudondoka chini ya mlango. Yasipodondoka, matundu yameziba. Yakidondoka vizuri na bado kapeti linalowa upande wa mlango, tuhuma ya kwanza ni nailoni. Unyevu ulio katikati, chini ya dashibodi, huenda ukatoka kwenye bomba la kutolea maji ya AC, kwa hiyo tunalikagua hilo kabla ya kugusa mlango.

Sisi hufungua paneli, tukatoa tope kwa brashi laini na maji yasiyo na presha kubwa, tukazibua matundu kwa kipande cha plastiki. Bisibisi hatuitumii, inakwangua rangi na hapo hapo kutu inapata pa kuanzia. Mlango ukishakauka tunapulizia nta ya kuzuia kutu, halafu tunabandika nailoni upya. Wenye Hiace, mlango wa kusukuma nao tunaukagua, una matundu yake. Klipu za paneli za magari ya zamani huvunjika kirahisi. Tutakuonyesha zilizovunjika kabla ya kununua nyingine.