Kabla hujazama machimboni, tupime risasi zako

Mteja aliyezoea kupiga mbizi baharini huja kwenye machimbo yetu yaliyojaa maji na mkanda wake uleule wa risasi, yaani vipande vya metali hiyo nzito vinavyomsaidia kuzama. Tunamwomba auvue. Wengine huona tunawadharau, hasa waliokwisha kupiga mbizi mara mia na zaidi, na hatupendi mtu aondoke na dukuduku hilo.

Machimbo haya ya mawe yalijaa pampu zilipozimwa na maji ya ardhini yakapanda. Hayana chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025, ya maji haya ni kilo 1. Ni tofauti ndogo mpaka uijumlishe: mzamiaji ambaye pamoja na mtungi na vifaa vyote anafika kilo 100 anatakiwa kupunguza kama kilo 2.5 za risasi. Asipopunguza atazama kuliko alivyokusudia, atajaza hewa kwenye jaketi la kuelea, atapanda, ataitoa, atazama tena. Na chini kuna tope.

Tope hilo ndilo linalotunyima usingizi. Ni vumbi la mawe, laini kama unga, lililotuama miaka mingi, na hapa hakuna mkondo wala kupwa na kujaa kwa kulichukua. Pezi la mguuni likiligusa tu, linafumka, na mwenzako aliye mita moja kutoka kwako humwoni tena. Ndiyo maana tunasisitiza upige mapezi kama chura, magoti yamekunjwa, nyayo zikiwa juu ya usawa wa tumbo.

Kupima ni rahisi. Ingia majini na vifaa vyote, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uizuie kidogo: maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uanze kuzama polepole. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2 hivi, kwa kuwa hewa nayo ina uzito. Mtungi wa lita 12 wenye shinikizo la bari 200 hubeba karibu kilo 3 za hewa, na nyingi utaivuta, mtungi ubaki mwepesi.

Halafu baridi. Kwenye nchi zenye majira ya baridi, maji ya juu huvutia wakati wa joto, lakini ukishuka unavuka mpaka mkali na kuingia maji mengine kabisa. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo yaliyopoa hutuama chini. Hewa inayotoka mtungini hupoa inapopanuka. Chini ya nyuzi 10 barafu inaweza kukwamisha regulata, kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni, na hewa ikatiririka bila kukoma. Ikitokea, usiitoe regulata mdomoni. Vuta hewa unayohitaji huku nyingine ikipita pembeni, mshike mwenzako, pandeni taratibu. Hatumshushi mtu chini ya mpaka huo bila regulata iliyotengenezwa kwa maji ya baridi, hata akiwa na haraka kiasi gani.

Fika nusu saa mapema. Kupima risasi hatutozi.