Taa Yupi, Kima Yupi?

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Karatasi yako ya baiolojia, ile ya kulinganisha taa na kima, nimeisoma jana nikimenya ndizi. Nimecheka sana kusikia mwenzako wa bwenini alidhani swali linahusu taa ya umeme. Msimcheke. Sisi wa mlimani, taa wa baharini tutamjulia wapi? Mimi nilimwona mara ya kwanza sokoni Tanga, kapanuka kama ungo, mkia kama mjeledi, mdomo uko upande wa tumbo.

Uainishaji umeupata. Taa ni ndugu wa papa, samaki wa gegedu asiye na mfupa hata mmoja. Kima ni mamalia, ananyonyesha, yumo kundi la primeti pamoja na sisi. Wanakutana kwenye uti wa mgongo, basi.

Ila kwenye uhifadhi mwalimu kakupa vema ambayo mimi ningekunyima. Umeandika, "Taa yuko hatarini, kima hayuko." Taa yupi? Kima yupi? Wale tumbili wanaomaliza mahindi ya shangazi yako hawana shida yoyote duniani. Lakini kima punju wa Zanzibar, ambaye bara huku hayupo kabisa, yumo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Hali hiyo hupewa spishi mojamoja. Hata manta, wale taa wakubwa, wako mafungu: yule wa bahari kuu, ambaye upana wake hufika mita 7, aliingizwa kundi hilohilo la kima punju mwaka 2020, yule wa miambani yuko ngazi moja nyuma yake kwa hatari.

Na hapa ndipo ungepata cha kulinganisha. Dagaa hutaga mayai maelfu. Manta hatagi: hubeba mimba karibu mwaka mzima, kisha huzaa mtoto mmoja, kama kima tu! Sasa jarife, ule wavu mkubwa, likimnasa mama mmoja, pengo lake litazibwa lini? Na matamvua yake ya kupumulia hukaushwa yakauzwa Uchina kama dawa. Kima punju yeye hukatiwa msitu, na wengine hugongwa na magari barabarani pale msitu wa Jozani, Unguja.

Likizo nitakupeleka msitu wa Rau ukawaone mbega. Watazame mikono: dole gumba hawana, kimebaki kinundu tu. Njoo na mabuti, kuna tope.

Mama yako