Picha za huku kwetu ziandikwe zimepigwa wapi na kazi ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenzangu wa Dodoma, Kondoa, Manyoni, Singida na huku kati kote, hasa vijana wenye simu nzuri na jicho zuri la kupiga picha. Kwanza niwapongeze, tena sana. Zamani ukitafuta picha za Dodoma mtandaoni unapata jengo la Bunge, vumbi na ng'ombe waliokonda basi, mtu wa Tanga au Bukoba akiona anajua huku ni jangwa tu. Sa hivi nafungua simu asubuhi nakuta mibuyu imejaa majani kipindi cha mvua, mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi, mama anaanika mlenda juu ya paa la tembe, mpunga wa Bahi, flamingo wa Ziwa Singidani, alizeti mpaka macho yanachoka, na vijana wanachora ukutani kazi ambazo ukizikuta unasimama tu. Nafurahi jamani, nafurahi kweli.

Sasa kuna kitu kimoja kinaniuma na nimeona bora nikiseme gazetini kwa sababu kwenye magrupu nikisema kinapotea ndani ya dakika tano. Picha zetu hazina maelezo. Mtu anapiga picha nzuri ajabu halafu chini anaweka vimoyo viwili na "asubuhi njema wapendwa", kwisha habari. Wapi hapo? Lini? Huyo ndege ni gani? Hicho kinyago kachonga nani? Hakuna. Wiki mbili mbele picha imeshazunguka, kuna mtu kaipiga skrinishoti, mwingine kaikata pembeni kaibandikia maneno yake, na mwisho inarudi kwako kutoka peji ya huko mbali imeandikwa nchi nyingine kabisa.

Mfano ni hawa ndege wadogo jamii ya kasuku tunaowaona Dodoma kwenye mibuyu na migunga, wa kijani, kichwa cheusi, shingo ya njano, mdomo mwekundu, na wana duara jeupe kuzunguka jicho utadhani wamevaa miwani. Hawa asili yao ni Tanzania, wanaoonekana kwingine kama Kenya ni waliopelekwa au waliotoroka kwenye vizimba. Ni wa kwetu! Lakini picha yao iliyopigwa hapahapa mjini nimeikuta inashewa kama ndege wa Amerika Kusini na Watanzania wenzangu chini wanasifia, eti wenzetu wamebarikiwa. Na mibuyu ni hivyohivyo, kila mbuyu mzuri ukipigwa picha jioni watu wanaandika Madagaska. Ile mibuyu maarufu ya Madagaska ni jamii tofauti, shina limenyooka refu na matawi yamekaa juu kabisa kileleni, wa kwetu ni mnene, mfupi kwa unene wake, na matawi yanatawanyika kila upande. Anayeishi huku hawezi kuchanganya, ila anayeangalia picha isiyo na neno hata moja atajuaje?

Kuna wanaosema simu yenyewe inaweka tarehe na lokesheni ndani ya picha kwa hiyo hakuna haja ya kuandika. Ni kweli simu inaweka, kama umeruhusu, inaweka saa, tarehe, aina ya simu mpaka sehemu uliposimama. Lakini ukituma hiyo picha WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa iwe ndogo na zile taarifa za ndani zinaondolewa, na ukiiposti Facebook au Insta anayeishusha kutoka pale hazikuti. Inabaki picha tupu. Ukitaka mwenzako apate picha nzima na taarifa zake mtumie kama dokumenti, bando litaliwa zaidi kidogo lakini inafika kama ilivyo. Kwa hiyo kitu pekee kinachosafiri na picha ni maneno uliyoandika mwenyewe, na hata hayo ni mpaka mtu asiyakate, ndiyo maana wengine wanaandika jina na mahali hukohuko pembeni mwa picha. Mimi naliunga mkono hilo hata kama wengine wanasema linaharibu uzuri.

Na naomba tuangalie Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya kale ya miambani, maana pale ndipo utaona maelezo yanasaidia nini. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150 kwenye ule ukingo wa Bonde la Ufa, kuna twiga, pofu, tembo, watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu kama wamesuka nywele kubwa, wengi wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wa chuma na juu yake ikaja michoro ya baadaye ya rangi nyeupe. Sasa mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja na mume wake Louis wakakaa wanainakili ile michoro, anaweka karatasi angavu juu ya mwamba anafuatisha mstari kwa mstari, kila kitu kimeandikiwa kimetoka jiwe gani, na mwaka 1983 kazi hiyo ikatoka kama kitabu. Mpaka leo ukifika pale miamba inatajwa kwa namba, B1, B2, B3, ukisema Kolo B1 anayejua anajua ni ule mwamba wa Mungomi wa Kolo. Michoro mingine imefifia kwa jua, maji, vumbi na mikono ya watu, na mtu akitaka kujua ilikuwaje anarudi kwenye zile nakala kwa sababu zina anwani, anajua asimame wapi alinganishe.

Sisi leo kwa siku moja ya sikukuu tunapiga pale Kolo picha nyingi kuliko alizochora yule mama miezi yote, zenye rangi halisi, zinazoonyesha mpaka ufa wa jiwe. Ni hazina kubwa. Mtaalamu wa mambo ya kale miaka 30 ijayo angezitumia kupima mchoro fulani umepauka kiasi gani toka mwaka fulani, lakini hajui ni jiwe gani wala ni mwaka gani, zipo elfu na hazimsaidii. Maneno manne tu, "Kolo B2, Agosti 2024", ungekuwa umeifanyia Kondoa kazi ya maana bila kulipwa na bila kusoma chuo.

Tukiwa hapohapo Kolo, naomba kwa wanaopiga picha, msimwagie maji michoro ili rangi ing'ae. Nimewahi kuona watu wanafanya na wanaona ni ujanja. Maji yanaacha chumvi juu ya mwamba na yanaondoka na rangi kidogokidogo, na ukishaipoteza rangi hiyo hakuna wa kuirudishia, waliochora hawapo. Pitieni ofisi ya mambo ya kale pale Kolo barabarani mpewe mwongozaji, atawaonyesha saa ngapi jua linaingia vizuri na picha itatoka bila kumwagia kitu. Na kumbukeni Mungomi wa Kolo kuna watu bado wanaenda kwa tambiko na kuombea mvua, ukikuta wazee wapo kwenye shughuli zao simu ikae mfukoni mpaka uruhusiwe.

Sasa niseme habari ya mafundi maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kuna mzee upande wa Mvumi anatengeneza mazeze na malimba ya mkono, kile chombo cha muziki cha sanduku na vyuma vya kupiga kwa vidole, ambacho wagogo tunakiita ilimba. Nilikaa naye akiwa kazini. Sanduku lake analichonga kwenye mti, vyuma anavigonga mpaka viwe bapa kila kimoja kwa urefu wake, halafu pale mbele anatoboa tundu na juu yake anabandika utando mweupe wa mayai ya buibui, ule mwembamba unaoutoa kwenye kuta za nyumba za udongo, na ndio unaofanya ilimba ilie na ule mtetemo wake wa kama nyuki. Akiukosa utando mzuri anasubiri, habandiki nailoni. Mtu mzima na miwani yake imefungwa kwa uzi anasubiri utando wa buibui kwa sababu anataka sauti iwe sauti.

Kazi yake ikapigwa picha na vijana waliopita, picha nzuri kabisa, mikono yake, vyuma, vumbi la mti kwenye magoti. Ikashewa na watu wengi mno, mpaka kampuni moja ikaiweka kwenye kalenda yake. Mzee hakuandikwa jina, kijiji hakikuandikwa, hata neno Dodoma halikuwepo. Iliandikwa "fundi wa Kiafrika". Nilipompelekea ile kalenda aliishika muda mrefu akasema, "Mjukuu wangu, sasa huyu anayetaka ilimba atanipataje mimi?" Nilikosa cha kumjibu. Huyu ni mtu anayeishi kwa kuuza hivyo vitu, picha yake imetangaza kila mtu isipokuwa yeye. Na tunakaa tunamsifia marehemu mzee Hukwe Zawose aliyeipeleka ngoma ya Kigogo duniani kote, ilhali wanaotengeneza vyombo hivyohivyo leo tunawaposti kama mapambo.

Sheria ipo jamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha na kazi za sanaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, mpiga picha na mchoraji na mchongaji wote wana haki ya kutajwa kwenye kazi zao. Kwa hiyo ukiposti picha ya kazi ya sanaa una watu wawili wa kuwaandika, aliyepiga picha na aliyetengeneza kile kitu, na yule wa pili ndiye anayesahaulika siku zote. Kama ni mchoro wa ukutani andika aliyechora, kama ni kikapu cha mama muulize, "mama nikuandike jina?" akisema niandike na namba ya simu muandikie, akisema usiniandike basi muache.

Na hilo la kuuliza liwe kwa picha zote za watu. Mama anauza zabibu barabarani, mzee kakaa baraza, watoto wanachota maji, hao siyo mandhari. Toka tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, lakini hata isingekuwepo, kwetu mtu huanza na shikamoo kabla hajainua simu. Watoto wa watu wenye kamasi na nguo zilizochanika ndio kabisa msiwaposti, wanakua hao, watazikuta.

Kuna sehemu moja tu naomba mfiche mahali, nayo ni wanyama wanaowindwa. Kwenye milima yetu ya mawe kuna kobe bapa, ganda lake limelala kama chapati na ni laini kiasi, akishtuka anakimbia kuingia kwenye nyufa za mawe badala ya kujificha ndani ya ganda. Anatafutwa sana na wanaofanya biashara ya wanyama wa kufuga nje ya nchi, yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka 2019 mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ulimpandisha kwenye daraja la juu la ulinzi, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Huyo ukimpiga picha andika "Tanzania ya kati" inatosha, zima lokesheni, na usionyeshe mlima kwa nyuma maana wanaotafuta wanausoma mlima.

Ila mengine yote andikeni. Hata picha unayoona ya kawaida kabisa, kona ya mtaa, kituo cha daladala, genge la nyanya. Serikali iliamua mwaka 1973 makao makuu yaje Dodoma, ikakaa mpaka 2016 ndio kuhamia kukaanza kweli, na 2018 tukawa jiji, na toka hapo mji unabadilika mpaka mtu akisafiri miezi michache akirudi anapotea. Pale Mtumba palipo na Mji wa Serikali palikuwa mapori na mashamba, mwenye picha ya pale ya mwaka 2014 iliyoandikwa mahali na mwaka ana kitu ambacho hata ofisi kubwa inaweza isiwe nacho. Na matembe yanaisha, kila mwaka yanabomolewa watu wanaweka bati, siwalaumu, bati halivuji, lakini angalau lile la bibi yako lipige picha ndani na nje, uandike kijiji na jina la bibi kama karidhia.

Mwisho nakugeukia wewe Mhariri, maana gazeti nalo lina mchango wake. Kwenye kurasa zenu mara nyingi naona chini ya picha pameandikwa "Picha na Mtandao". Nyuma ya kila picha hiyo kuna mtu aliyeamka saa 11 alfajiri akapanda mlima na bando lake mwenyewe. Naomba mwandishi wenu amtafute, amtumie ujumbe, aombe ruhusa, na gazeti liandike jina lake na mahali ilipopigwa. Asipopatikana wekeni picha nyingine, wapiga picha Dodoma tuko wengi na tuko tayari kutuma.

Msomaji wako,
Chang'ombe, Dodoma