Mpwa wangu, ukurasa wa Casor usiuache nje

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, pamoja na rasimu ya kijitabu cha ukoo wa baba yako mnachotaka kuwagawia ndugu mtakapokutana. Nakujibu hadharani kwa kuwa binamu zako wa huku nao wameanza kuuliza ya kwao, na kwa kuwa jambo lenyewe ni kubwa kutuzidi sisi wawili. Nimeisoma rasimu mwanzo hadi mwisho. Sura ya Anthony Johnson, mtu mweusi wa Virginia wa karne ya 17 mnayemhesabu kuwa babu wa ukoo, umeiandika kwa mapenzi, na mapenzi hayo yanaonekana. Lakini inatoka 1653 inarukia 1665, kana kwamba hapo katikati hakukutokea kitu. Kilichotokea unakijua: kesi ya John Casor, mtu mweusi aliyekuwa akimtumikia Anthony. Nitafika huko.

Mwanzo umeuweka vizuri. Orodha ya wakazi wa koloni la Virginia ya mwaka 1625 inamtaja Antonio, ndiye Anthony wetu, mtu mweusi aliyeletwa na meli iitwayo James mwaka 1621, akiishi kwenye shamba la Edward Bennett. Hapo hapo yupo Mary, aliyekuja kuwa mkewe, aliyeletwa mwaka 1622 na meli ya Margaret and John. Ni mstari mmoja kwa kila mtu, basi. Ila mstari huo una uzito, kwa sababu tarehe 22 Machi 1622 Wapowhatan, wenyeji wa asili wa nchi ile, walivamia makazi ya Waingereza, wakaua watu 347, na shamba la Bennett ni mojawapo ya yaliyoumia vibaya. Antonio alikuwa miongoni mwa wachache waliosalia. Alikotoka karani hakumwandikia. Jina lake ni la Kireno, na wengi waliofikishwa Virginia miaka ile walikuwa wametekwa upande wa Angola.

Umeniuliza imekuwaje mtu asiyejua kuandika akaacha maisha yake kwenye makaratasi namna hii. Sehemu moja ni bahati. Yeye na Mary walihamia Northampton, mashariki ya ghuba ya Chesapeake, na vitabu vya mahakama ya kaunti hiyo vinaanzia 1632 bila kukatika. Hakuna vingine vya kaunti Marekani vinavyoendelea mfululizo tangu zamani hivyo, na mpaka leo vimetunzwa Eastville. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu vyao Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili visalimike, na huko huko vikateketea mji ulipoungua Aprili 1865.

Sehemu ya pili ni kwamba Anthony alikuwa mtu wa mali. Karani wa korti hakuwa anawaandikia vitukuu. Aliandika nani anamdai nani tumbaku, ng'ombe wa nani ana alama gani sikioni, nani kagoma kulipa. Asiye na deni, shamba wala kesi alipita duniani bila kuingia kitabuni. Kwa hiyo ukisoma vitabu hivi, kila mara jiulize kwanza karatasi iliandikwa kwa kazi gani, ndipo umtafute babu ndani yake.

Kwa mfano, hati ya ardhi ya 1651. Umeandika kuwa Anthony "alileta watu watano kutoka ng'ambo" akapewa eka 250. Hati haisemi hivyo. Inasema alipewa eka 50 kwa kila kichwa kati ya vichwa vitano, kama sheria ilivyokuwa kwa yeyote aliyegharimia nauli ya mtu kuja Virginia. Lakini haki hizo za vichwa zilinunuliwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Andika kwamba alizitumia haki tano, inatosha. Na yale maneno ya 1645 yanayopendwa na kila mtu, "sasa nakijua kilicho changu, nitafanya kazi nikitaka na kucheza nikitaka", karani anayaweka kinywani mwa Anthony mtu mweusi, bila jina la Johnson. Wanahistoria wengi wanaamini ni yeye, nami naamini hivyo. Weka neno "yaelekea" mbele yake.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote wewe umeupa sentensi moja, nakuomba uupe nafasi zaidi. Ni ule wa moto wa 1653. Shamba liliungua, familia ikaenda kortini kuomba nafuu. Mahakimu wakazingatia kwamba wazee hawa wamekaa Virginia zaidi ya miaka 30, na kwamba bidii yao inajulikana, wakaamuru Mary na binti zake wawili wasilipe kodi maisha yao yote. Sasa tazama ni kodi ipi. Tangu 1643 sheria ya Virginia iliwatoza wanawake weusi kodi ya kichwa sawa na wanaume, ilhali wake wa Waingereza hawakutozwa. Bibi zetu hapa Afrika Mashariki waliyaona mateso ya kodi ya kichwa, kwa hiyo mama yako atakuelewa haraka ukimsomea. Kwa amri ile moja, Mary na binti zake walihesabiwa kama wanawake wengine wa kaunti. Majirani waliokaa kwenye kiti cha hakimu walimjua, wakalisema hilo kwa maandishi. Miaka michache baadaye isingewezekana.

Sasa John Casor.

Kapteni Samuel Goldsmith alifika nyumbani kwa Anthony, Casor akamwendea na malalamiko: alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane, na Johnson amemshikilia miaka saba zaidi ya haki yake. Anthony akasema mkataba huo hajapata kuuona, na mtu huyu ni wake maisha. Robert Parker, jirani, na ndugu yake wakasimama upande wa Casor. Mke wa Anthony, wanawe na mkwewe wakamshauri amwachie, naye akamwachia. Kisha akajutia, akamshtaki Parker kwa kumchukua mtu wake. Tarehe 8 Machi 1655 korti ikaamuru Casor arudi kwa bwana wake, na Parker alipe gharama. (Kitabuni utakuta 1654. Si kosa la karani. Kwa Waingereza wa wakati huo mwaka mpya ulianza 25 Machi.)

Najua kwa nini umeiacha. Umeogopa shangazi zako watasononeka, na umeogopa wale wanaoishika kesi hii kudai kwamba utumwa wa Marekani ulianzishwa na mtu mweusi. Dai hilo ni uongo. Mwaka 1640, miaka 15 kabla, korti ya Virginia ilimhukumu John Punch, mtumishi mweusi, kutumikia maisha yake yote kwa kutoroka, wakati wazungu wawili waliotoroka naye waliongezewa miaka tu. Weka kesi ya Punch kwenye ukurasa huo huo. Ukikaa kimya, watu hao ndio watakaowasimulia wadogo zako habari za Anthony, na watazisimulia wanavyotaka wao.

Lakini hata wasingekuwepo, bado ningekusihi. Casor naye alikuwa mtu. Alisimama mbele ya kapteni wa kizungu akadai haki yake, na madai yake yamehifadhiwa. Akarudishwa, akahama na akina Johnson hadi Somerset, Maryland. Hatuna ruhusa ya kumfuta mara ya pili ili babu yenu apendeze. Anthony alitekwa, akapata uhuru wake, akajenga, akaungua, akamshikilia mwenzake utumwani. Mimi nimekasirika naye niliposoma, na bado nataka nimjue.

Yaliyofuata umeyaeleza vyema. Aliaga dunia 1670, na Agosti mwaka huo baraza la wazee wa mahakama huko Virginia likaamua shamba aliloliacha linaweza kutwaliwa kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, na hivyo mgeni. Mjukuu wake John akanunua eka 44 Maryland mwaka 1677, akaziita Angola.

Kinachobaki ni daraja kati ya Angola ile na babu yako mzaa baba, na hilo kijitabu hakina. Kufanana kwa jina hakutoshi. Johnson wamejaa Marekani. Usishuke kutoka kwa Anthony, panda kutoka kwa walio hai: sensa ya 1950 iko wazi, ukarudi nayo muongo kwa muongo, isipokuwa ya 1890 ambayo karibu yote imeteketea, hadi 1870, ambayo ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina waliokuwa watumwa. Kama watu wenu walikuwa huru kabla ya vita, sensa ya 1850 itawaonyesha mmoja mmoja, na kabla yake utategemea vitabu vya kodi na hati za ardhi za Northampton na Somerset. Muulize baba yako jina kamili la bibi yake na kaunti aliyozaliwa, unitumie wiki hii, tuanze na huyo.

Mjomba wako