Wafadhili, hesabu zetu zisomwe kwanza mbele ya wanakikundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji aliyeandika majuzi kwamba misaada ya kutoka nje ikatwe yote, hata zile hela ndogo ndogo ambazo watu wa kawaida huko ng'ambo wanachangishana kusaidia vikundi vya nchi maskini, kwa sababu miaka yote hiyo zinakuja na umaskini bado upo. Nilisoma nikaiweka simu chini, usiku nikarudia tena kusoma. Kuna mahali amesema kweli kabisa na kuna mahali amekosea sana, na mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha kuweka na kukopa mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekishika kwa mikono yangu.

Kweli yake ni kwamba hela nyingi hazifiki kwa walengwa. Mwezi wa tano mwaka 2016 kule Istanbul serikali zinazofadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba ikifika 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura ziende kwa asasi za wenyeji, tena moja kwa moja kadiri inavyowezekana. 2020 ikaja ikapita, lengo halikufikiwa. Mwaka 2021 mkuu wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, wa wakati ule, Samantha Power, naye akatangaza asilimia 25 hiyo hiyo ndani ya miaka minne, wakaishia kwenye sehemu moja ya kumi hivi, halafu tarehe 1 Julai 2025 shirika lenyewe likafungwa. Uingereza nao walishusha misaada yao kutoka asilimia 0.7 ya pato lao mpaka 0.5 mwaka 2021, na mwaka 2025 wakasema watashuka mpaka 0.3 ikifika 2027. Sasa kama wakati pesa zipo nyingi sisi wa chini kabisa tulikuwa hatuzioni, je zikipungua? Zile hela ndogo za watu binafsi, walimu wastaafu, waumini, wanafunzi, wale wanaouza keki ili wachangie kisima cha watu wasiowajua, hizo ndizo zinazoweza kutufikia bila kupita ofisi tano. Na hizo ndizo ndugu yangu anataka zikatwe. Hapana jamani.

Ila lazima niseme pia kwamba hela inaweza kufika na bado ikaharibu. Hili limetupata.

Kuna mwaka tuliomba ufadhili kwa shirika moja kubwa, silitaji. Fomu ilikuwa kurasa 38, yote kwa Kiingereza, nikaijaza kwenye simu usiku wiki mbili nzima, kuna swali linataka ueleze "nadharia ya mabadiliko" ya mradi, yaani ukifanya hiki kitaleta badiliko gani na kwa nini, na lingine linataka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye leseni. Pesa yote tuliyokuwa nayo kwenye kikundi haikufika hata nusu ya malipo ya mkaguzi huyo. Tukasaidiwa na asasi ya katikati, yenyewe ikachukua sehemu yake, sawa, tukapata. Halafu tukaambiwa pesa iishe kabla ya tarehe 30 Septemba kwa sababu mwaka wa fedha wa mfadhili unafungwa siku hiyo, na sisi tumeingiziwa kwenye akaunti mwezi wa saba mwishoni.

Hebu fikiria, kikundi cha watu 23 ambacho miaka yote kinakusanya hisa ndogo ndogo kila wiki, ghafla kina wiki tisa za kutumia hela ambayo hakijawahi kuiona. Tukanunua vyerehani 12 vya umeme wakati wanaojua kushona ni wanne. Tulikuwa tumeomba vyerehani vinne vya miguu na mafunzo ya mwaka mzima, lakini mafunzo hayaishi kwa wiki tisa, kununua vyerehani kunaisha siku moja, unapata risiti unapiga picha umemaliza. Watu ambao hawajawahi kukanyaga kwenye kikao wakaanza kuja, kila mmoja ana binamu yake ndani ya kamati. Maneno yakaanza. Fulani kala, fulani kapewa kwa sababu ni shemeji.

Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti ambao hawatoki nyumba moja, na sanduku lenyewe anakaa nalo mtu wa nne ambaye hana ufunguo wowote. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyoaminiana. Kikao cha mwezi wa kumi, mama mmoja wa watunza funguo, mtu ambaye hajawahi kukosa kikao hata akiwa na msiba, alisikiliza maneno mpaka yakaisha, akafungua fundo la khanga yake akatoa ufunguo akauweka juu ya meza, akasema "mimi naenda kupumzika, mtafuteni mwingine." Hakupaza sauti. Akatoka. Tulikaa pale tukiangalia ule ufunguo, hakuna aliyetaka kuushika. Ilituchukua karibu mwaka mzima kumrudisha, na kuna watu sita hawakurudi tena. Kwenye ripoti iliyokwenda kwa mfadhili imeandikwa vyerehani 12 vimenunuliwa kwa wakati, asilimia mia. Hakuna mahali kwenye ile fomu panapouliza kama mtunza ufunguo bado yupo.

Kosa kama hili hufanywa na wakubwa pia, wenye nia njema kabisa na wataalamu wao. Mtakumbuka ile pampu ya PlayPump, bembea la kuzunguka ambalo watoto wakilicheza linavuta maji yanapanda kwenye tangi. Mwaka 2006 ilitangaziwa ahadi ya dola milioni 16.4 kule Marekani, lengo likiwa pampu 4,000 barani Afrika ikifika 2010. Kwenye picha ilipendeza sana, watoto wanacheka, maji yanatoka. Kumbe watoto wanacheza wakitaka na wakichoka wanaondoka, maji yanatakiwa alfajiri watoto wakiwa wamelala na mchana wakiwa shule, kwa hiyo wakabaki akina mama watu wazima wanalizungusha bembea kwa mikono, na likiharibika fundi hayupo wala vipuri havipatikani kirahisi, na mahali pengine ile pampu ya mkono waliyoizoea ilikuwa imeshang'olewa. Kufikia 2010 shirika la Marekani lililokuwa linazisambaza likawa limeacha kazi hiyo. Huyo mama anayechota maji kila siku angeulizwa jioni moja tu angesema yote haya, wala asingehitaji kulipwa ushauri.

Sasa angalia kinyume chake. Orangi, Karachi, Pakistan, mwaka 1980, mtaa mkubwa wa watu maskini, majitaka yanapita nje ya milango. Mzee Akhtar Hameed Khan, mtaalamu wa maendeleo wa huko Pakistan, alipofika pale miezi ya mwanzo kazi yake ilikuwa kutembea na kuongea na watu, anauliza tu. Wakamwambia shida yetu ni majitaka, na sisi tunasubiri serikali. Gharama za makandarasi hawaziwezi. Yeye na wenzake wakarahisisha michoro, wakatafuta njia za kujenga kwa bei nafuu, wakawaambia watu wa uchochoro mmoja mmoja, nyumba ishirini au arobaini hivi, mchague msimamizi wenu, mchange wenyewe, mjenge bomba la uchochoro wenu, bomba kubwa la mwisho ndilo la serikali. Watu wakachanga. Kazi ikaenda uchochoro kwa uchochoro kwa miaka mpaka ikafika maelfu kwa maelfu ya nyumba. Pesa za kutoka nje ya mtaa zililipa wapimaji, wachoraji na wa kufundisha, bomba la uchochoroni lililipwa na mwenye uchochoro, na ndiyo maana likiziba anaamka kulizibua, ni lake.

Na hivi vikundi vya akiba vya sanduku la kufuli tatu ambavyo leo vimeenea nchi nyingi sana vilianza hivyo hivyo, kule Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE na akina mama wa vijijini. Wale hawakuwekewa mtaji na mtu. Shirika lilileta mwalimu na mpangilio, hela ikawa ya akina mama wenyewe, wanakopeshana, mwisho wa mzunguko wanagawana. Mimi nikisikia mtu anasema maskini hawezi kuweka akiba huwa naumia, kwa sababu hajakaa kwenye kikao akaona mtu anavyohesabu hisa yake mara mbili kabla ya kuitoa.

Kwa hiyo ndugu msomaji wangu, mimi naona tatizo ni jinsi msaada unavyoingia. Ukiingia kwa kishindo unabomoa. Ukiingia nyuma ya hela ya wenyewe, kidogo kidogo, unasukuma.

Baada ya ile balaa tuliwapata watu wengine, kachama kadogo ka watu kumi na wachache huko Ulaya, wote wanajitolea, hawana hata ofisi. Mama mmoja mwalimu mstaafu alinipigia akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mfadhili yeyote. Aliuliza, "sisi tusipokuwepo kabisa, mwakani mtafanya nini?" Nikamwambia tutaendelea na hisa, na tunataka mtu wa kutufundisha kukata nguo vizuri maana kushona tunajua sasa ila kukata ndiyo tunaharibu kitambaa. Akasema basi tutamlipia huyo mwalimu wa kukata. Ni hivyo tu. Hela yenyewe ni ndogo, wenye fomu ya kurasa 38 wangeona ni ya chai, lakini inakuja kila baada ya miezi mitatu, mwaka wa sita sasa haijakatika, na ripoti tunaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili wao wanajitafsiria. Tukapata na nauli ya kwenda benki na hela ya bando, vitu ambavyo wafadhili wengi wanaviita gharama za uendeshaji wanavikimbia kama ukoma, wakati katibu anavilipa mfukoni kwake miaka yote. Vile vyerehani vinane vilivyokaa bure tulikubaliana kwenye kikao tukaviuza, tukawaeleza, hawakugomba.

Halafu hawajawahi kutuomba picha ya mtoto anayelia. Wale wa mwanzo waliomba, wakasema mtoto asiwe na viatu. Tulikataa, wakanuna.

Najua kuna wizi. Kuna vikundi hewa, mwenyekiti ni mume, mhazini ni mke, wanachama ni majina ya marehemu, nimeviona. Lakini mkaguzi wa mbali havigundui hivyo, vinagunduliwa na jirani. Kwa hiyo wewe uliye nje unayetaka kuchangia, na wasomaji wa gazeti hili wengi mko huko mnatuma, usianze na cheti cha usajili, omba daftari la mahudhurio uone lina miaka mingapi, karatasi zimechakaa au mpya. Omba namba za wanachama watatu uwachague wewe kwenye daftari usichaguliwe na mwenyekiti, wapigie, uliza kikao cha mwisho kilikuwa lini na sanduku lilikuwa na shilingi ngapi. Kikundi cha kweli kila mtu anaijua ile namba kichwani, maana mwisho wa kila kikao inasomwa kwa sauti na kikao kinachofuata watu wanaulizwa waitaje kabla sanduku halijafunguliwa.

Na sharti moja naomba mliweke, hili ni zito kuliko mengine yote. Kabla hesabu haijaja kwenu huko, isomwe kwanza hapa mbele ya wanakikundi wote, kwa lugha yao, nani kapewa nini na imebaki kiasi gani, na wao waweke dole gumba au sahihi ndipo itumwe. Sisi tulipoingiziwa ile hela kubwa kila mtu alikuwa anajibu kwa mfadhili, hakuna aliyekuwa anajibu kwa mwenzake, mambo yakaharibikia hapo. Ikisomwa mbele ya watu hata mwizi anapata tabu, atamwangaliaje jirani yake.

Ombi langu la mwisho ni kwako Mhariri. Una kurasa za matangazo na za michezo, tunazipenda, ila mara moja kwa mwezi tenga kona ndogo vikundi vitume hesabu zao vichapwe, kikundi fulani kilipata kiasi hiki kutoka nje, kilichanga chenyewe kiasi hiki, kimefanya hiki. Ndugu zetu walioko ng'ambo watasoma, na majirani wa kikundi watasoma, na kama kuna uongo mtapigiwa simu siku hiyo hiyo. Sisi tuko tayari kuwa wa kwanza. Hesabu ya robo hii inasomwa Jumapili ijayo, ufunguo wa tatu yule mama anao, Jumatatu nitakutumia.

Ni mimi msomaji wenu,
Katibu wa kikundi