Rudisheni kwanza chumba cha chai

Mhariri, naomba kanafasi niseme kwa nini sisi wahadhiri hatushirikiani. Nafundisha takwimu kwenye chuo kikuu kimoja hapa nchini, jina sitaji maana mkate bado nauhitaji. Mwaka juzi wanafunzi walinicheka darasani, "dokta mbona hii mifano tumeshafanya na mwalimu wa kilimo", kumbe ghorofa ya juu yangu kuna mwenzangu anafundisha kozi ileile, na semista nne nzima hatujawahi hata kupeana salamu.

Nikapanda kumtafuta. Tukaanza kugawana slaidi, yeye anashika regresheni maana ndo anaitumia kwenye majaribio yake ya mahindi, mimi nabaki na probabiliti, mtihani tunatunga wawili tunasahihishiana, na kwa kweli hata sap, yaani mitihani ya marudio, zilipungua. Baadaye tukaandika pepa moja ya utafiti pamoja. Kufika wakati wa kuomba kupanda cheo naambiwa pointi za pepa ya wawili zinagawanywa, yaani ningeandika kivyangu ningepata zaidi! Na vile vipindi alivyonisaidia havikuhesabika popote, si kwake si kwangu, fomu haina hata sehemu ya kuviandika. Sasa hapo nani atajisumbua?

Watu wanasema wasomi tuna wivu. Wapo wenye nao, sikatai. Ila mbona zamani iliwezekana, mwaka 1969 wanahistoria wa Dar walitoa kitabu kizima cha historia ya Tanzania, Kimambo na Temu wakiwa wahariri, sura wamegawana, na enzi hizo Dar, Makerere na Nairobi vilikuwa chini ya chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, 1963 mpaka 1970. Wale nao walikuwa binadamu, na ubishi wao mkali tu.

Kwetu kulikuwa na chumba cha walimu, chai ya rangi na vitumbua, humo ndo nilijifunza kazi nikiwa msaidizi, unasikia mzee wa fizikia anabishana na wa sheria mpaka kengele. Kikageuzwa ofisi. Siku hizi tunaitwa warsha ya ushirikiano hotelini, kila idara inakaa meza yake, tunasaini posho, tunarudi.

Wakubwa waongeze kwenye fomu sehemu ya kufundisha pamoja, pepa ya wawili isiwe adhabu, na kile chumba kifunguliwe. Vitumbua tutanunua wenyewe.

Mhadhiri wa takwimu